Doa Kwenye Kongosho la Dada

Wivu wa Mama Picha ulianza siku mashine mpya ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, ilipoingia hospitalini. Hakuionea wivu mashine. Alimwonea Binti, mtaalamu mwenzake wa mionzi ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi tangu hajui hata kumlaza mgonjwa vizuri. Wakubwa walipotafuta mtu wa kwenda kuisomea ile mashine, walimchagua Binti. Mama Picha akaachiwa ya zamani, chumba cha mwisho koridoni, kiyoyozi kikidondosha maji kwenye ndoo.

Tangu hapo kila alichofanya Binti kilimkera, hata jinsi alivyotundika aproni ya risasi ya kujikinga na mionzi. Wenzake walipomtania kwamba mwanafunzi kakalia kiti cha mwalimu, alicheka kwa meno tu.

Kisha dada yake mkubwa, fundi cherehani, akaanza kukonda. Tumbo lilimuuma mpaka mgongoni, na chakula akikionja tu anasukuma sahani. Mama Picha akampiga picha kwenye mashine yake. Daktari wa mionzi aliitazama sana, akasema kongosho limevimba kidogo ila haoni sababu. Dada apelekwe kwa Binti. Mama Picha akabisha kwamba picha inatosha.

Daktari akamkazia macho. "Huyu ni dada yako, au ni kombe mnaloligombania?"

Akampeleka, shingo upande.

Binti alimwamkia dada shikamoo, akamweleza kwamba dawa ya kung'arisha picha ikiingia mshipani atasikia joto kama mtu aliyejikojolea, asishtuke. Dada akacheka. Kicheko hicho kilimchoma Mama Picha kama sindano, maana kwake dada alilala kimya akitazama dari.

Nyuma ya kioo, Binti alimweleza kwamba mashine hii hupima mionzi ya nguvu mbili kwa mpigo mmoja, hivyo picha ileile huweza kutazamwa kwa namna nyingi. Akaishusha kwenye nguvu ndogo. Kongosho lililokunywa dawa likang'aa, na ndani yake likabaki doa la kijivu, dogo kama punje ya haragwe, lililokataa kunywa. Mama Picha alijua anatazama nini. Lakini kabla ya hofu, kabla hata ya huruma, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa: kwa nini lionekane kwake, lisionekane kwangu? Akajionea haya.

"Mama," Binti alisema taratibu, "mshipa mkubwa haujaguswa. Naona kama wataweza kulikata."

Walilikata, na ilikuwa saratani kweli. Dada aliugua sana baada ya upasuaji, kisha kwa dawa zilizofuata, lakini akainuka. Madaktari hawakumwahidi miaka. Walimwambia arudi kupimwa. Alipopata nguvu za kukanyaga cherehani, nguo ya kwanza aliyoshona ilikuwa gauni.

"Mpelekee mwanangu," alisema.

Mama Picha hakuuliza mwana yupi. Alilipeleka, akalikabidhi bila kumtazama Binti usoni, na alipokuwa mlangoni likamtoka: "Na mimi nifundishe hiyo mashine."

Siku hizi anakaa kwenye kigoda pembeni, akielekezwa na mtu ambaye zamani yeye ndiye aliyekuwa akimwelekeza. Mkono wake umeshaizoea mashine. Wivu haujamtoka. Binti akimsifu mbele ya madaktari ndiyo kabisa, unamwaka upya.