Évode na Gari Lisilo na Staata

Évode Mutsinzi alinunua gari mwaka 1991, mwaka ambao watu wenye akili walikuwa wakiuza ya kwao. Faranga ilikuwa imeshushwa thamani, vita vilikuwa kaskazini, na petroli iliyokuja kwa malori kutoka Dar es Salaam ilikuwa imepanda bei hadi baadhi ya wakubwa wa mtaa wa Kimihurura wakaanza kuonekana ndani ya basi, wakisalimia abiria kana kwamba wamekuja kukagua. Évode, karani wa masjala katika wizara moja pale Kacyiru, aliona katika balaa hilo nafasi iliyokuwa ikimngoja yeye.

“Nunua kitu ambacho wenzako wanakikimbia,” alimweleza mkewe Daphrose, “hapo ndipo bei inashuka.”

“Hata nyumba inayoungua, Baba Aimable?”

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la mgongo wa duara, aina ile ambayo Kigali huiita gikeri, yaani chura. Lilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mlango wa abiria ulifunguliwa kwa nje tu, jambo ambalo muuzaji alilieleza kuwa ni usalama, na Évode, ambaye hakuwahi kumwamini muuza nyanya, alimwamini.

Kuhusu matumizi alikuwa na nadharia. Gari, alisema, linahitaji petroli linapopanda tu. Kigali ni vilima vitupu, na kila kilima kina upande wa kushuka. Kwa hiyo nusu ya kila safari ilikwisha kulipiwa na Mungu siku ya uumbaji. Évode alikuwa Mkatoliki mwenye bidii. Kuwasha injini mahali ambapo Mungu ameweka mteremko alikuona kuwa ni utovu wa shukrani. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwake Nyamirambo akiwa amezima, akiteleza kimya hadi kipando cha kwanza, na waliokuwa wakivuka barabara walijifunza kutazama badala ya kusikiliza.

Mwenzake wa ofisini, Frederick, alipanda naye kwa mwezi mmoja kwa kuchangia mafuta. Kila walipofika bondeni Kinamba, Évode alimwomba ateremke ili gari lipande likiwa jepesi, wakutane juu. Frederick akawa analipa ili atembee. Aliacha siku alipogundua kwamba wenzake wanaokuja kwa miguu bila kulipa wanafika saa ile ile, tena wakiwa na mazungumzo.

Kisha likaja suala la staata. Fundi mmoja wa Biryogo alimwambia Évode kwamba kile kifaa kimechakaa na kipya ni ghali.

“Kazi yake nini hasa?” Évode aliuliza.

“Kuamsha injini, patron.”

“Na gari likisukumwa mteremkoni, ukaliingiza gia ya pili?”

Fundi alikuwa mtu mkweli. “Linaamka vilevile,” alisema.

Évode akamuuzia fundi ile staata siku hiyo hiyo, akarudi nyumbani na pesa mfukoni na gari lililopungua uzito. Mkewe hakuambiwa, kwa kuwa hayo ni mambo ya kiufundi. Tangu hapo aliegesha mteremkoni tu, jiwe likiwa chini ya gurudumu. Wizarani alifika kabla ya wote ili awahi sehemu iliyoinama karibu na tangi la maji, akiwaachia wakurugenzi sehemu tambarare. Miezi saba ilipita bila mtu kugundua kitu. Katika mji huu mtu anaweza kumiliki gari la namna hiyo na kuheshimika, maana ardhi tambarare ni ya kutafutwa.

Januari 1992 Belyse, mdogo wake Daphrose, alichumbiwa na Gasana, dereva wa malori. Familia ikakutana kwa ajili ya michango. Watu wa Kigali wanaujua mkutano huo: mtu husimama mbele ya wakwe na majirani, hutaja kiasi atakachotoa, na wote humkumbuka kwa kiasi hicho hadi siku ya kuzikwa kwake. Zamu ya Évode ilipofika alisimama, akafunga kifungo cha koti.

“Mimi,” alisema, “natoa gari. Bibi harusi nitampeleka kanisani mwenyewe.”

Walipiga makofi. Daphrose alipiga kuliko wote, kwa sababu kwa miaka kumi alikuwa ametajwa kwao kama yule aliyeolewa na mchoyo. Mama yake Gasana, mjane mkali ambaye hakuwahi kuficha kwamba angependa mwanawe atafute kwingine, aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akamwambia tajiri mmoja aliyeahidi kumwazima gari lake kwamba halihitajiki tena. Évode aliketi akiwa amehesabu tayari: kutoka kwa wazazi wa Belyse juu Gikondo hadi bondeni ni mteremko mtupu. Nusu ya mchango wake ingetolewa na mlima.

Arusi ilipangwa Jumamosi ya tarehe 29 Februari, saa nne asubuhi. Jumatano inayofuata ilikuwa Majivu, na katika Kwaresima hakuna arusi. Padri wa parokia ya mjini, ambako wangefungia ndoa, alikuwa akifungisha ndoa sita kwa pamoja, akianza saa nne kamili. Aliyechelewa angengoja Pasaka. Lakini urwagwa, pombe ya ndizi, ulikwisha iva, wageni wa Butare walikwisha lala sebuleni kwa watu, na mama yake Gasana alikwisha sema, mbele ya mashahidi, kwamba msichana akishindwa kufika kanisani siku ile, yeye ataelewa Mungu anamwambia nini.

Saa tatu na robo Évode alikuwa Gikondo, gari limeoshwa na mvua ya usiku, riboni nyeupe zimefungwa kwenye bampa. Belyse aliingia nyuma na gauni lake, katikati ya shangazi wawili waliovaa mishanana, zile shuka za sherehe zinazofungwa begani, wanawake wenye miili ya kuheshimika. Daphrose alikaa mbele. Évode akatoa jiwe. Gari likaanza kushuka.

“Mbona sisikii injini?” aliuliza shangazi mkubwa.

“Ni gari nzuri, shangazi,” alisema Évode. “Haina kelele.”

Kwa mwaka mzima bariyeri ya wanajeshi ilikuwa katikati ya mteremko ule, na Évode aliipenda: unasimama, unaonyesha kitambulisho, unaachia breki. Lakini asubuhi hiyo hiyo, baada ya yeye kupanda, ilikuwa imehamishwa hadi chini kabisa bondeni, penye daraja, mahali ambapo mbele kuna kipando na nyuma kuna kipando. Évode aliiona akiwa amebakiza mita mia. Alikuwa akitegemea kasi ile ile ya kushuka ndiyo iamshe injini. Badala yake alikanyaga breki, gari likasimama mbele ya kamba ya bariyeri kwa adabu zote.

Mwanajeshi kijana alikuja dirishani. “Zima gari.”

“Limezimwa, shefu.”

“Limezimwa tangu wapi?”

“Tangu nyumbani kwa bibi harusi.”

Mwanajeshi alifikiri kidogo, akaamua kwamba halimhusu. Alikusanya vitambulisho, akavisoma kimoja kimoja kama mtu asiye na haraka ya kuoa, akavirudisha. “Haya, washa, pita. Kuna watu nyuma.”

Évode alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama kipando.

“Washa, Baba Aimable,” alisema Daphrose.

“Linahitaji kusukumwa kidogo.”

“Kwa nini?”

“Staata haipo.”

“Imeharibika?”

“Haipo,” alisema Évode. “Niliiuza.”

Shangazi mdogo akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kuelewa, “Gari ya mkwe wetu iko na riboni, haiko na cha kuwashia.”

Évode aliteremka, akazunguka, akawafungulia mlango kwa nje. Shangazi walijifunga mishanana vizuri, wakasukuma. Gari lilipanda hatua nne, likarudi tatu. Évode akamwendea mwanajeshi.

“Shefu, niruhusu nilirudishe nyuma, nilipandishe kidogo kule, nishuke nalo tena.”

“Hapa gari halirudi nyuma,” alisema mwanajeshi. “Anayerudi nyuma mbele ya bariyeri tunamwelewa vingine. Tafadhali usirudi.”

Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tano. Belyse alitoka, akakusanya gauni mkononi. Hakulia; alimtazama dada yake tu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na alijua mama mkwe atasema nini Pasaka.

Nyuma yao palisimama taksi ya abiria, kibasi kilichojaa wanawake na vikapu vya kabichi. Konvuaya, yaani mkusanya nauli, alitoa kichwa mlangoni. “Mnaenda mjini, au mmekaa kupigwa picha?”

“Watu wanne,” alisema Daphrose. “Mpaka kanisani.”

“Bibi harusi na gauni yake ni viti viwili. Jumla tano.”

Hapo Évode aliingilia, na Daphrose anasema jambo hili ndilo analolikumbuka kuliko yote. Alisogea mlangoni, akaweka mkono begani kwa konvuaya kwa upole wa kibiashara.

“Rafiki yangu, mpaka mjini ni kilima kimoja tu. Na kabichi zile mbona hazilipi?”

“Kabichi ziko chini ya kiti, mzee. Bibi harusi naye nimweke chini ya kiti?”

“Wanne kwa bei ya watatu. Shangazi watasimama.”

“Shemeji,” alisema Belyse.

Daphrose alitia mkono katika mfuko wa shati la mumewe, akatoa noti nzima, akampa konvuaya, akamwambia abaki na chenji. Kwa miaka kumi ya ndoa Évode hakuwahi kusikia maneno hayo yakitamkwa juu ya pesa yake. Wanawake wa kabichi walisogea. Mmoja alimpakatia Belyse gauni. Kibasi kikapita kamba, kikapanda kilima kikinguruma.

Évode alitaka kufuata kwa miguu, lakini mwanajeshi hakuruhusu gari liachwe bariyerini. Alikaa hadi lori la mkaa likamvuta kwa kamba, kwa bei ambayo dereva aliitaja mara moja na hakuijadili.

Alipofika kanisani, misa ilikuwa imekwisha. Belyse na Gasana walikuwa ndoa ya sita katika sita. Walikuwa wamefika, nikitumia maneno ya shangazi mdogo, padri akiwa amekwisha fungua mdomo. Sasa familia ilikuwa imejipanga kwenye ngazi kwa ajili ya picha ya pamoja. Mama yake Gasana ndiye aliyepanga watu.

“Aliyemleta bibi harusi yuko wapi?” aliuliza. “Aje hapa, karibu na mwanangu.”

Konvuaya, aliyekuwa amebaki kuitazama arusi, akaja, akasimama kando ya Gasana, noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole vyake kama kawaida ya kazi yake, akatabasamu kama ndugu. Mpiga picha akabonyeza.

Évode alipanda ngazi akiwa na vumbi la mkaa kwenye kola. Daphrose alisogea kidogo kumpa nafasi, lakini watu walikuwa wameanza kutawanyika. Évode alimwuliza mpiga picha kama angeweza kupiga nyingine, na yeye awemo.

Mpiga picha akamtajia bei.

Évode aliitazama kamera, akamtazama mkewe, akasema ile moja inatosha.