Jina Ambalo Bibi Alilikwepa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili pale Iguguno, nilikuwa na mke mwenye wajukuu kumi na mmoja. Ndivyo bibi yangu mzaa baba alivyojiita, kwa ule utani wetu wa bibi na mjukuu wa kiume. Jina lake lilikuwa Mbula binti Kitundu. Kanisani aliandikwa Marta, lakini mchungaji alipomwita hivyo, bibi aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Nikirudi shuleni alinipokea mlangoni.

“Mume wangu, leo umeniletea nini?”

“Kibao cha kuandikia, Bibi.”

“Hicho nitakiunga na mlenda?”

Alijua kuigiza watu. Aliyependwa kuliko wote katika maigizo yake alikuwa marehemu mke mwenzake, Wande binti Gunda, mke mkubwa wa babu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Walikuwa hawasemezani hata siku Wande alipokufa. Siku za kupura mtama bibi alitoka mbele ya watu, viwiko nje, akitembea kama Wande na kulalamikia chumvi kwa sauti ya puani. Watu walicheka hadi wakaweka fimbo chini. Nami nilicheka, ingawa huyo Wande sikumwona kamwe.

Mwaka huo mama alijifungua mtoto wa kike. Siku ya nne mtoto alikataa ziwa, akalia mchana kutwa na kesho yake pia. Tabibu wa zahanati alimtazama mdomo, koo na tumbo, akasema haoni ugonjwa. Mwaka uliotangulia mama alikuwa amezika mtoto mwingine. Safari hii hakulia; alikaa tu akitazama ukuta.

Kwetu mtoto aliaye hivyo husemwa kuwa anadai jina. Yuko mmoja wa waliotangulia anayetaka kurudi nyumbani kupitia kwake. Basi hutajiwa majina ya marehemu, moja baada ya jingine, ziwa likiwa karibu na mdomo wake. Jina atakalonyonya nalo ndilo lake.

Kazi hiyo aliifanya bibi, asubuhi, yeye na mama wakiwa wameketi mlangoni penye mwanga. Hata hapo hakuacha mzaha wake.

“Wewe ni Nzala, uliyezaliwa mwaka wa njaa ukafa mnene kutushinda wote? Siye. Basi ni Nkiya, uliyemkimbia mbuzi ukidhani ni fisi?”

Mimi ndio kwanza nilikuwa nimejua kuandika, na kila jina alilotaja nililiandika kwenye kibao. Yalifika tisa. Kisha bibi akanyamaza. Sauti ya mtoto ilikuwa imekauka, kilio kimebaki mkwaruzo tu. Niliyapitia majina yangu kwa kidole kama tulivyofundishwa, nikaona pengo.

“Bibi, hujamtaja Bibi Wande.”

“Nyamaza,” baba akasema.

Lakini mama aligeuza uso kutoka ukutani. “Mama, mtaje.”

“Huyo hawezi kuja kwangu,” bibi alisema. “Ana nyumba nyingi za kwenda.”

“Mama, mwanangu anakufa.”

Bibi akainuka. Alikoroga unga wa mtama na maji katika kata, akatia funda mdomoni na kulipuliza nje ya kizingiti, kama afanyavyo mtu anayeomba radhi kwa wafu. Akarudi kuketi. Alisema kwa Kinyiramba, nami natafsiri kwa kadiri niwezavyo.

“Wande binti Gunda. Ulipokuwa hai tuligombana, na ulipokufa nikakuchezea ili watu wacheke. Nimekosa. Kama ni wewe, nyonya. Mtoto wa watu asife kwa ajili yangu.”

Mtoto hakunyonya papo hapo. Alilia tena kidogo, akatafutatafuta kwa mdomo, kisha akashika. Tulisikia anavyomeza. Bibi alimwinamia akamtazama usoni kwa makini.

“Ni yeye,” akasema. “Hata kunyonya, ananyonya huku amenuna.”

Mama alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomtoa machozi.

Tangu siku hiyo bibi hakumwigiza Wande tena. Watu walipomwomba wakati wa kupura, alijibu, “Yumo ndani, atasikia.” Dada yangu, bibi alimwita “mke mwenzangu”, akambeba mgongoni hadi miguu yake ikakaribia kuburuta, na akamwachia ukoko wa ugali ambao zamani ulikuwa wangu. Niliona wivu, kwa kuwa mke wangu alikuwa amepata wa kutaniana naye zaidi yangu.

Nimesoma baadaye kwamba mtoto mchanga huweza kukataa ziwa kwa sababu nyingi, na kwamba mama akitulia, naye hutulia. Sibishi. Dada yangu Wande yu hai, ni bibi wa watu huko Kiomboi, na chumvi bado anailalamikia. Nijualo ni kwamba bibi alipata nafasi ya kusema neno alilochelewa kulisema, na akaishi miaka mingi na mtu wa kumwambia.

Mimi kwa bibi sikupata nafasi hiyo, hata ya kumuaga. Alifariki nikiwa shule ya bweni, mbali, na barua ilinifikia akiwa amekwisha zikwa.

Siku hizi majina huchaguliwa kwa simu kabla mtoto hajazaliwa. Nina vitukuu sita. Kila mmoja nilipompakata mara ya kwanza, nilisubiri wenzangu watoke, nikamnong’onezea sikioni: Mbula binti Kitundu. Wote ni wazima, walinyonya vizuri, hakuna aliyewahi kulia akidai jina, na kwa hilo namshukuru Mungu. Hunitazama kidogo, kisha hulala. Nami hubaki nimewapakata mpaka mama zao waje kuwachukua.