Kura ya mlolongo kuhusu light rail Uthiru: mimi mbele ya mstari huu, ndugu yangu mbele ya ule

Wakuu, salaam kwenu wote.

Kila mara jam ya Waiyaki Way ikitajwa humu ndani, mtu huuliza kwa nini hatukujengewa train ya stima. Halafu uzi unageuka matusi kwa serikali hadi unafungwa.

Mimi nina kipande kidogo tu cha hiyo habari, kile nilichosimama ndani yake kwa miguu yangu. Sitatia chumvi. Nisichokumbuka nitasema sikumbuki.

Ilikuwa katikati ya hii miaka ya elfu mbili. Mimi ni fundi wa stima, nina kibanda cha kurekebisha motor katikati ya mji. Shule niliachia darasa la saba. Mengine nilijisomea, hasa kwenye maktaba saa ya lunch.

Nyumbani ni Uthiru, kwenye shamba alilotuachia baba. Lilikatwa vipande viwili. Ndugu yangu mkubwa, Njuguna, alipata upande wa barabara. Mimi nikapata nyuma, kule kunakoteremka.

Njuguna akajenga vyumba vya mabati vya kupangisha. Mimi nikaweka nyumba, ng'ombe na nyasi za nepia za kuwalisha. Mke wangu akapanda migomba. Tuliishi vizuri.

Ndipo wakaja watu wa mipango wakiwa na map.

Kwa wasiojua huku kwetu: reli ya zamani inapita mbali, chini kule Dagoretti. Sisi wa huku juu tunasikia honi yake tu. Hao jamaa walikuwa na wazo la light rail, train nyepesi ya stima, itakayotoka town, ipite Westlands na Kangemi, ifike Uthiru na kuendelea. Walisema kwanza wanataka maoni ya kila mtaa. Chama chetu cha wakaaji kilitakiwa kutoa jibu moja: tunataka au hatutaki.

Mimi nilitaka, na nilikuwa na sababu.

Wakati huo shemeji yangu, dada ya mke wangu, alikuwa amekuja likizo kutoka mji mmoja wa jangwani huko Amerika. Alitueleza kwamba mji huo umetanda kama mahindi yaliyoanikwa, nyumba hapa, nyumba kule, na bila gari hata chumvi hununui. Na wao walikuwa wanabishana: reli yao iongezwe au iachwe?

Nikamuuliza wanaopinga wanasema nini.

"Wanasema mji umetawanyika sana, train haiwezi kumfikia kila mtu."

"Na wanaotaka?"

"Wanasema bila train utazidi kutawanyika."

Hilo jibu lilinikaa kichwani. Nairobi si jangwa, lakini nilikuwa naiona ikitambaa kuelekea Kikuyu kwa namna hiyohiyo. Nikaamua kwamba reli inawekwa wakati nafasi ipo. Ghorofa zikishasimama, utaipitisha wapi?

Basi nikaanza kazi. Nilieleza watu nje ya kanisa baada ya ibada. Nilieleza kwa posho mill, watu wakingoja unga wao. Nilichora behewa, nikachora nguzo za stima. Nyumbani nilimfanyia mazoezi mke wangu, Mama Wangari, hadi akajua hotuba kuliko mimi.

Jioni moja akaniuliza, "Baba Wangari, hiyo line yako kwa map, hapa kwetu inapita wapi?"

Nikamwonyesha.

"Hapo si ni kwa Njuguna?"

"Ndio. Watamlipa."

"Umemwambia?"

"Ataiona kwa mkutano, kama wengine."

Akachukua sufuria yake akaingia jikoni. Mimi nikadhani swali limekwisha.

Mkutano ulikuwa Jumamosi alasiri, uwanja wa shule ya msingi. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Jirani zetu wa Loresho walialikwa pia kama wageni. Wao wana magari, kwa hivyo walimtuma askari wa gate awasikilizie. Alikaa mbele kabisa, kofia kwa magoti, makini kuliko sisi wote.

Mwenyekiti akasema hakuna karatasi. Tutapiga mlolongo.

Vijana wa humu huenda hamkuuona. Mlolongo ni hivi: mtu mmoja anasimama kwa ajili ya upande fulani, na wanaokubaliana naye wanapanga foleni nyuma yake. Hakuna kujificha. Jirani yako anakuona, mchungaji anakuona, landlord anakuona.

Kichwa cha wanaopinga kilipatikana mara moja. Njuguna alishakuwa amesimama.

Kichwa cha wanaotaka hakikupatikana. Watu wengi walitaka train, lakini kila mtu aliitaka akiwa katikati ya foleni. Mwishowe nikaenda mimi.

Mwenyekiti akatuweka uso kwa uso, hatua chache kati yetu, kila mstari urudi nyuma upande wake. Na vichwa visigeuke, akasema, tusianze kuita watu kwa macho. Kwa hivyo mimi niliona mstari wa Njuguna wote. Wangu sikuuona hata kidogo.

"Karibu, engineer," Njuguna akasema. "Umevaa koti la kanisa kuja kunibomolea?"

Watu wakacheka. Mimi pia ningecheka kama ningekuwa nyuma.

Kulikuwa na welder mmoja, Wafula, mtu wa Bungoma, mpangaji kwenye vile vyumba vya mabati. Alisimama katikati ya uwanja, hajui aende wapi.

"Sasa mimi nafanya aje? Landlord yuko huku, na kazi iko Industrial Area. Nijikate vipande viwili?"

"Kuja huku kwa train!" mtu akamwita kutoka nyuma yangu.

"Na nilale wapi? Kwa station?"

Hapo ndipo nilipomwona mke wangu.

Alikuja polepole, leso mabegani, akapita mbele yangu bila kuniangalia. Akajiunga na mstari wa Njuguna, nyuma ya mke wa Njuguna. Hao wawili wamefua pamoja kwenye ile plot miaka mingi.

Kisha sauti moja:

"Engineer, train imekuacha!"

Wakuu, kicheko kile bado nakisikia.

Mimi si mtu wa mambo ya haraka. Motor ikikataa, naifungua, naweka kila kitu juu ya kitambaa, naangalia. Pale uwanjani sikuwa na kitambaa. Lakini nilivyomwangalia Mama Wangari katika mstari ule, nilirudia hotuba yangu yote kichwani, na nikaona kifaa kilichokosekana.

Nilikuwa nimeeleza behewa, stima, madaraja na ukuaji wa miji. Sikuwa nimesema nani atasogea. Na katika hesabu yangu, mimi mwenyewe nilikuwa sisogei hata futi moja.

Bado niliamini tunahitaji train. Hilo halikubadilika, na sikutoka pale mbele. Nikaomba mwenyekiti dakika moja.

"Njuguna," nikasema, "ukitoa huko mbele, mimi nitakukatia huku nyuma. Nusu ya yangu. Hata kabla hawajaleta hiyo pesa yao."

Hakucheka. Alielekeza kidole gumba nyuma yake bila kugeuka, kule mke wangu alikosimama.

"Nusu yako, ama nusu yenu?"

Alikuwa na haki. Nikaita, "Mama Wangari, unasemaje?"

"Sijasikia," akajibu. "Uliza vile huwa unaeleza mambo ya train. Kwa nguvu."

Watu wakavunjika mbavu. Nikauliza tena kwa nguvu, mbele ya kanisa letu lote na askari wa Loresho: tumkatie Njuguna nusu ya shamba la nyuma?

Kwanza alikaza leso yake mabegani. Hakuwa anafanya mzaha. Ile ni ardhi ya kulisha watoto wetu, na alijua akikubali pale haitarudi.

"Nusu sawa," akasema. "Lakini migomba yangu mtu asiguse."

Akatoka kwenye mstari ule. Akavuka uwanja akiwa peke yake, akanipita, nikasikia viatu vyake vikisimama nyuma yangu.

"Hata huniangalii?" akanong'ona.

"Tumekatazwa kugeuka."

"Vizuri. Angalia mbele."

Wafula akapaza sauti: "Mzee Njuguna, hivyo vyumba vya huko nyuma vitakuwa na maji?"

"Wafula, wacha hata msingi uchimbwe!"

"Basi mimi ni train," akasema Wafula, akaja nyuma yangu.

Wengine wakaanza kuvuka. Wangapi, sikujua. Nilichoona ni mstari wa Njuguna ukipungua, na uso wa Njuguna mwenyewe. Macho yake yalikuwa yakipita juu ya bega langu, yakienda mbali zaidi na zaidi kila walipoongezeka. Yeye hakuweza kuvuka, kwa sababu kichwa cha mstari hakitoki. Alisimama tu pale, amenyooka, hadi mwenyekiti akamaliza kuhesabu.

Tulishinda, kwa watu wachache.

Njuguna akanikaribia. "Umesema mbele ya watu," akaniambia.

"Nimesema."

Jumamosi iliyofuata alifika kwangu na kamba ya mkonge na vigingi. Tulipima sisi wawili, Mama Wangari akiwa amesimama kando ya migomba kama polisi. Njuguna akaanza kujenga nyuma vyumba vya mawe, kimoja kimoja kadiri alivyoweza, akihamisha wapangaji wake. Wafula alikuwa wa kwanza kuhamia, na maji anayo. Chumba cha mwisho cha mabati kule mbele kilipobomolewa, wale watu wa map tulikuwa tumeshaacha kuwasikia. Maoni yetu waliyachukua, wakashukuru, wakaenda. Yalifika wapi sijui, na sitabuni.

Nilimwendea Njuguna nikamwambia, mbele ni kwako bado, jenga tena. Huko nyuma nilikokupa sikudai.

Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto aliyesema upuuzi kanisani.

"Wewe ulitoa mbele ya watu," akasema. "Unataka mimi nionekane mtu wa aina gani? Hapo ni pa train."

Hadi leo hapajajengwa. Ukipita Uthiru utapaona: kipande kirefu cha sukuma wiki kati ya ghorofa na ghorofa. Mabroker husimamisha magari yao, wanamuuliza bei. Njuguna huwaambia pameshachukuliwa. Wakiuliza ni nani amechukua, anawaambia.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki: ukitaka kitu cha watu wote, anza kwa kusema wewe utasogea wapi, na useme baada ya kuuliza mwenye nyumba mwenzako. Mengine yote ni michoro.

Sasa nyinyi mnaokaa Kangemi, Kinoo, Kikuyu na kwingineko, nijibuni bila kuanza na serikali. Vigingi vikija kesho, wewe utatoa nini?

Sisi kwetu nafasi iko. Imebaki train.