Maji Hukaa Mwisho

Saa mbili asubuhi, mtaalamu wa maabara anafunga vifungo vya koti lake jeupe, anavaa glavu, kisha anapanga virija vidogo kwenye kishikio cha plastiki. Kila kirija kinapata tone lililoandaliwa kutokana na makohozi ya mgonjwa. Kile cha mwisho anakitilia maji matupu.

"Huyu ndiye shahidi wangu," anasema, akikigusa kwa ncha ya kidole. "Hana ugonjwa, hana undugu na mtu. Mashine ikisema naye anaumwa, basi wagonjwa ni sisi."

Wenzake humwita Bi Maji, kwa kuwa kila anayemletea majibu hukutana na swali lilelile: maji yamesemaje?

Kazi yake ni kutafuta vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu, kisha kuandika kilichoonekana na namna kilivyotafutwa. Hiyo sehemu ya kuandika, anasema, ndiyo inayomkondesha.

Mwaka jana maabara yao ilichunguza makohozi ya wagonjwa wanane wa wodi moja, pamoja na ya mhudumu anayeifanyia usafi. Majibu yalionyesha kwamba wote wana kimelea cha aina moja, kile kisichosikia dawa za kawaida. Rasimu ya ripoti ikahitimisha kuwa mhudumu ndiye aliyewaambukiza.

Kabla ripoti haijakamilika, majibu yalikuwa yamekwisha kufika wodini; mhudumu akasimamishwa kazi na kuanzishiwa dawa kali.

"Kwa dawa hizo masikio yalinivuma mchana kutwa," mhudumu anakumbuka. "Lakini kilichoniumiza ni mjukuu. Binti yangu alijifungua, nikaonyeshwa mtoto kupitia dirishani. Na jirani yangu akawa ananisalimu kwa mbali, kama mtu anayeita kivuko."

Rasimu hiyo ilipofika kwa Bi Maji ainyooshe kabla haijatumwa, aliona inasema kirija cha maji kilitoka safi. Haikusema kilikaa wapi. Akamwuliza mwenzake aliyefanya kipimo.

"Nilikiweka cha kwanza, dada. Nimalize chepesi, ndipo niingie kwenye vizito."

"Maji ya kwanza yataachaje kuwa safi, kaka? Hayajakutana na mtu."

Mama yake Bi Maji alikuwa dobi. Nyumbani kwao, maji ya suuza ya mwisho ndiyo yaliyoamua kama nguo imetakata. Ya kwanza hayakuulizwa neno.

Wakarudia kipimo kwa makohozi yaliyobaki kwenye friza, maji yakiwa mwisho. Yakatoka na kimelea kilekile. Walipofuatilia, walikuta pipeti, yaani bomba dogo la kunyonyea matone, imechafuka kwa ndani na inabeba mabaki ya mgonjwa mmoja hadi kwa wengine. Kwa pipeti mpya, maji yalitoka safi, na kimelea sugu kikaonekana kwa wagonjwa wawili tu. Mhudumu hakuwa na kitu.

Mkuu wa maabara alipendekeza yaandikwe majibu mapya peke yake.

"Tukiyaanika yote tutachekwa," alisema.

"Tuchekwe, mzee. Yule mama amekwisha kuchekwa kwa niaba yetu. Na kuna maabara nyingine zinaweka maji mwanzo, hazijui."

Mkuu alijikuna kidevu. "Haya, andika. Uandike pia kwamba kukagua pipeti ilikuwa zamu yangu."

Habari hiyo Bi Maji aliipeleka mwenyewe nyumbani kwa mhudumu.

"Nilimwambia, 'Mama, huna ugonjwa.' Akaniuliza, 'Na ule mliouona?' Nikamjibu, 'Ulikuwa uchafu wetu.' Akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaniuliza kama anaweza kumbeba mtoto siku ileile."

Sasa Bi Maji anaandaa mwongozo mfupi kwa wataalamu wapya. Anataka kila ripoti itakayotoka hapo ieleze maji yalikaa wapi, yalisema nini, na kipimo kipi kilirudiwa. "Watanung'unika," anasema. "Wanung'unike wakiandika."

Mashine inalia kuashiria imemaliza. Anainamia kioo, anashuka mstari kwa mstari hadi wa mwisho, kisha anashusha pumzi.

Nje ya dirisha, mhudumu, ambaye amekwisha kurudishwa kazini, anapita akirudisha toroli la usafi, mjukuu wake amelala mgongoni mwake, kwani zamu yake ya alfajiri imekwisha na binti yake amemletea mtoto.

"Bi Maji, leo yamesemaje?"

"Yamenyamaza, mama. Nenda kapumzike."