Kulusumu Apima Bodi ya Bintiye

Kulusumu aliishia darasa la nne, lakini mtaani Sofia, upande wa Uganda wa Busia, hakuna anayemshinda kuzijua spea za redio. Dukani kwake zimejaa kwenye mikebe ya maziwa ya unga, na kila mnunuzi hupimiwa yake kwa mita, kile kifaa cha kupimia umeme, kabla hajaondoka. Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mumewe, Muzafaru. Kusoma michoro hakufundishwa. Hilo ni la binti yake, Sakinah, ambaye huchora bodi za umeme, vile vibao vya kuchomekea spea, kwenye kompyuta nyuma ya duka, akatuma faili kiwandani ng'ambo, na bodi zikarudi zimeshatobolewa.

Bodi za kwanza alimchorea Huzaifa wa Tororo, mtengenezaji wa mashine za kutotolesha vifaranga. Zilipofika, rilei, kile kisanduku kinachowasha na kuzima balbu ya kupasha mayai joto, haikuingia. Miguu mitano, mashimo matano, ila mashimo yenyewe yalikuwa ya rilei ya aina nyingine. Sakinah alikuwa ameyachagua kwenye orodha ya programu kwa kutazama jina tu. Huzaifa hakupiga kelele. Alisema, "Hii ya pili ikiharibika, kazi napeleka kwa fundi mwingine." Na Sakinah hakuwa na mteja mwingine.

Basi Jumanne asubuhi, Huzaifa akiwa kwenye benchi anangoja faili mpya itumwe, Kulusumu akaweka mita chini.

"Sakinah, umeangalia?"

"Mama, kompyuta imekubali. Haioni kosa hata moja."

"Hata ile ya kwanza iliikubali."

Huzaifa akacheka. "Hapo mama amekushika!"

"Nenda kaichapishe kwenye karatasi. Ukubwa wake kamili, wasiipunguze."

"Mama jamani, vifaranga wangu watazeeka ndani ya mayai."

"Wewe Huzaifa ulingoja wiki tatu kwa bodi mbovu. Dakika kumi zitakuua?"

Sakinah akavuka barabara hadi duka la kuchapisha, akarudi na karatasi na midomo imebinuka. Kulusumu akaitandaza juu ya kipande cha sponji, akaanza kuchomeka spea zenyewe kutoka mikebeni, kila moja kwenye mashimo iliyochorewa. Rilei ikazama bila kulazimishwa. Akashusha pumzi. Kapasita zikaingia. Transista, ile ndogo yenye tumbo bapa inayoiamrisha rilei, nayo ikaingia.

"Umeona sasa?" Sakinah akasema, mkono tayari kwenye kompyuta.

Kulusumu hakuinua macho. Transista kama ile zimepita mkononi mwake kwa mamia, na mita humwambia neno lile lile kila siku: mguu wa kati ndio unaoongea na wenzake wote wawili, na ndio unaopokea amri.

"Nionyeshe kwenye mchoro mguu unaopokea amri."

Sakinah akauonyesha.

"Na kwenye karatasi, shimo lake ni lipi?"

Binti akafuata mstari kwa kidole. Kidole kikakwama kwenye shimo la pembeni.

"Astaghfirullah. Mama!"

Alikuwa ameunganisha alama ya transista kwenye mchoro na mashimo ya transista nyingine, yenye umbo lile lile ila miguu imepangwa vingine. Spea ingeingia kama ilizaliwa pale, na balbu isingewaka kamwe. Huzaifa aliacha kutania. Sakinah akarudi kwenye orodha, akachagua mashimo mengine, akachapisha upya, na safari hii ndiye aliyemwomba mama yake arudie kuchomeka. Adhuhuri faili ikaondoka.

Bodi zilipofika, Huzaifa alizichukua hadi Tororo, na siku ya pili akapiga simu. Sakinah akaiweka kwenye spika, juu ya kaunta.

"Mama Sakinah, uko hapo? Joto limefika, sikiliza." Kukasikika *tik* ya rilei. "Balbu imezima! Huyo binti asiende popote, nina mashine nyingine arobaini zinamngoja."

Kulusumu akavuta kiti, akakaa. Akacheka, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Huzaifa, mwanangu," akasema, "isogeze simu karibu. Hebu nisikie tena."