Kifuniko Kilichorudi Mraba Mmoja Nyuma

Sanduku la bati la marehemu baba lilipofunguka, kitu cha kwanza kutoka kilikuwa harufu ya rangi ya viatu. Wala humo hamkuwa na viatu. Baba alikuwa akipaka rangi hiyo nyeusi kwenye miraba ya mbao zake za drafti kwa sababu, alivyodai, rangi ya dukani hugandisha vifuniko. Nilikuwa nimeketi sakafuni nyumbani kwetu Makindu, wiki tatu baada ya kumzika, na harufu ile ilinipanda kichwani hadi nikasahau nilichotumwa.

Mama alikuwa ameniambia, "Tenga vizima na vibovu. Vibovu tuchome." Ilionekana kazi ya saa moja. Lakini kizima ni kipi, ndugu msomaji? Mbao zilikuwa kumi na moja. Kulikuwa na ludo isiyo na dadu. Kulikuwa na nyoka na ngazi, na yule nyoka mrefu kuliko wote alikuwa amebandikwa karatasi kichwani, sijui na nani. Kulikuwa na chess aliyoachiwa baba na msafiri mmoja aliyelala kwenye hekalu la Makalasinga; farasi walikuwa watatu, na wa nne alikuwa kipande cha mshumaa. Nyingine zilikuwa drafti za plywood, pamoja na mfuko mzito wa vifuniko vya soda vilivyokuwa kete zake. Nilivipanga, nikavipangua, nikachanganyikiwa zaidi.

Baba Mkubwa, kaka yake baba, alikuwa amekuja kutoka Kambu kutusaidia. Kusaidia kwake kulikuwa kukaa kwenye kiti karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti, akinitazama bila neno. Sikushangaa. Kimya cha mzee huyu nilikuwa nimekizoea tangu utotoni.

Nilikuwa na miaka tisa bibi yetu alipofariki. Sisi tulimwita Susu, kama watoto wote wa Ukambani, na aliishi Nuu, mbali na sisi. Alipougua, baba alitaka aletwe hospitali Makindu. Baba Mkubwa alikataa. Alikuwa amefunga kibanda chake cha kuziba pancha pale Kambu akaenda kumuuguza, na alisema Susu mwenyewe ameomba asisumbuliwe, na kwamba safari ile ingemmaliza. Wakavutana wiki mbili, na katikati ya kuvutana Susu akaaga dunia. Tangu siku ya mazishi ndugu hao wawili wakaacha kusemeshana.

Lakini kila Jumamosi mchana Baba Mkubwa alishuka kwenye basi, akaja kwetu, akavuta kigoda. Baba alitoa drafti. Walicheza mpaka jua likaanza kulegea, kisha mgeni akasimama, akashika kofia yake, akaenda. Hakuna salamu, hakuna kwaheri. Ulichosikia ni vifuniko tu, tak, tak, juu ya mbao, na kuku wakiparua uani.

"Mbona hawaongei?" nilimuuliza mama jikoni.

"Mimi pia sijui," alisema. "Peleka chai."

Jambo lingine sikulielewa. Mimi ni Mwende, jina la Susu, na zamani wote wawili walikuwa wakilitaja kila dakika, Mwende hivi, Mwende vile. Sasa baba aliniita "wewe mtoto". Baba Mkubwa alininyooshea kikombe tu. Nilijichunguza nione nimekosa nini, nikakosa jibu.

Mtoto asipoelezwa hujieleza mwenyewe. Nilikuwa nimesikia akina mama wawili wakinong'ona nje ya kanisa kwamba Mwalimu, yaani baba yangu, alitaka kumuua mama yake barabarani. Basi nikaamua kuwa ile drafti ni kesi. Atakayeshinda ndiye aliyekuwa na haki kuhusu Susu. Na baba yangu, aliyefundisha hesabu darasa la nane, mzee wa kanisa asiyekubali hata uongo wa mzaha, alikuwa akishindwa karibu kila Jumamosi. Kila kifuniko chake kilipoliwa nilikihesabu.

Jumamosi moja, mchezo ukiwa katikati, mvua isiyo ya msimu ilitukuta. Pojo zilikuwa zimeanikwa uani juu ya turubai, na mama akatuita sote. Tulikimbia tukaikunja ile turubai kutoka kila upande, nami nikateleza nikaanguka kifudifudi kwenye matope, jambo ambalo siku nyingine lingechekesha. Nilirudi ndani wa kwanza. Ubao ulikuwa pale juu ya meza. Kifuniko kimoja cha Baba Mkubwa kilikuwa karibu kula vitatu vya baba. Nikakirudisha nyuma mraba mmoja, nikaenda kusimama karibu na kabati.

Wazee waliingia wakijipangusa maji. Baba Mkubwa aliketi, akautazama ubao kwa muda mrefu. Kisha akamtazama baba, akatamka maneno ya kwanza niliyomsikia akimwambia tangu mazishi.

"Hivi ndivyo tulivyoacha?"

Baba aliinama juu ya ubao.

"Ndivyo tulivyoacha," alisema.

Baba Mkubwa alichukua kofia yake, akatoka katika mvua ile ile.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Baba alipanga vifuniko pande zote mbili, akangoja, chai ikapoa mbele yake. Jumamosi nyingine vivyo hivyo. Hali hii iliendelea karibu miezi mitano, nami kila usiku niliomba Mungu amrudishe Baba Mkubwa bila mimi kulazimika kusema chochote. Sikusema. Mara mbili nilifika mpaka kwenye kiti cha baba, nikaishia kumuuliza habari za homuwaki ya hesabu.

Kilichomrudisha ni malaria. Baba alilala siku nne, na siku ya nne Baba Mkubwa akaingia na mapapai mawili, akaupandisha ubao juu ya blanketi. "Sogeza mguu," alisema. Baba akasogeza. Kuanzia hapo maneno yalirudi polepole, ya mvua, ya mbuzi, ya bei ya tairi. Jina langu nalo likarudi. Kuhusu Susu sikuwahi kuwasikia wakitaja.

Mimi nilibaki na fundisho langu mwenyewe: kwamba baba hakuwa makini. Kifuniko kilisogezwa mbele ya macho yake asione! Nilimhurumia. Hata nilipokuwa sekondari, akicheza nilikuwa nikimwonyesha kwa kidole, "Baba, angalia hapo," naye akajibu, "Asante, mama. Sikuwa nimeona."

Hayo ndiyo niliyomsimulia Baba Mkubwa siku ile ya sanduku, vifuniko vikiwa vimetapakaa kati yetu. Nilikiri nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kifuniko kilikuwa na matope," alisema. "Na wewe ulikuwa na matope mpaka kwenye kope."

"Ulijua?"

"Sisi wawili tulijua."

"Basi kwa nini uliondoka?"

Alizungusha fimbo yake kidogo. "Nilimuuliza ili aseme ni wewe. Angesema, tungecheka. Nilikuwa nimechoka kunyamaza, Mwende. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Sasa yeye akanidanganya, na yeye si mtu wa kudanganya, nikaona ameamua nisiwe ndugu yake tena."

"Na yeye kwa nini hakusema?"

"Nilimuuliza tukiwa tumezeeka. Alisema angefungua mdomo kusema ni Mwende, angelia mbele yangu. Hilo jina lilikuwa halijatoka mdomoni mwake tangu tumzike mama."

Niliokota vifuniko viwili vitatu vilivyokuwa karibu yangu. Mama alipita mlangoni, akauliza kama nimemaliza kutenga, nikamwambia bado.

Hata leo sijui nani kati yao alikuwa na haki kuhusu Susu, na nadhani wao pia hawakujua. Wakati ule nilidhani namwokoa baba katika kesi. Kumbe walikuwa wanaume wawili waliofiwa na mama, wasioweza kuketi pamoja bila kuwekewa kitu katikati, na mimi nikawanyang'anya kitu hicho kwa miezi mitano. Kama walinisamehe, siwezi kusema. Hawakuwahi kunionyesha kwamba kulikuwa na la kusamehe.