Kumwomba Shangazi Atufukuze

Kilichoninyima usingizi majira yale ya baridi ni swali moja: je, mtu anaweza kumwomba shangazi yake amfukuze nyumbani, kisha asubuhi akaketi naye kunywa chai?

Mimi na mama tulilala sebuleni kwake, Barking, huko Uingereza, ghorofa ya nne. Shangazi alikuwa dada yake marehemu baba. Mama alikuwa akienda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na lifti ilikuwa mbovu tangu tulipofika. Kila aliporudi alikaa kwenye ngazi, akijifanya anatafuta kitu mkobani. Mimi nilikuwa na digrii na kazi ya kibarua dukani. Tukaomba nyumba ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa, iliyo ghorofa ya chini, pamoja na msaada wa kodi.

Ofisa wa nyumba, Mwingereza mpole, akaja kutazama tunavyoishi. Nilikuwa nimemwambia shangazi kwamba ataulizwa kama tunaweza kuendelea kukaa pale. Ajibu nini, sikuthubutu kumwambia. Siku ya siku alificha magodoro yetu chumbani kwake, akafukiza udi, akakaanga sambusa. Mama alivishwa kanga mpya na kuambiwa akae wima. Nyumba ilipendeza kama siku ya Idi.

Alipoulizwa, shangazi alicheka kana kwamba anataniwa.

"Huyu wifi yangu, na huyu damu ya kaka yangu," alisema. "Nani awafukuze? Watakaa mpaka Mungu apende."

Ofisa alikula sambusa, akashukuru. Baadaye tukajibiwa kwamba tunapo pa kuishi, hivyo hatumo katika watu wa dharura, wanaopewa nyumba kwanza kwa kuwa wamefukuzwa walipokaa.

Nikawaza kila njia. Tukiondoka wenyewe, wangesema tumejitakia. Nikimweleza shangazi, angejua kwamba ukarimu wake ndio uliotuponza. Na habari zikifika kwetu Unguja kwamba amemtoa wifi mgonjwa? Nilijaribu kuipanga sentensi ya kumwomba kwa Kiswahili, nikaipanga kwa Kiingereza, na kote ilitoka kama tusi. Wiki zikapita nikiipanga.

Kisha mama akaanguka kwenye ngazi. Jirani alinisaidia kumpandisha. Shangazi alikuwa sokoni, na kabla hajarudi mama alinishika mkono.

"Usimwambie shangazi yako," akasema. "Ataona hakututunza."

Nilimtazama goti lilivyovimba, nikaona kwamba kati yao wawili, kwa kustahiana, mmoja atakufa kwenye ngazi zile.

Shangazi aliporudi nilimfuata jikoni. Alikuwa ameanza kuchambua mchele. Nikamwambia yote: kuanguka kwa mama, na jibu ambalo ofisa alihitaji kulisikia kwake. Mikono yake ikasimama juu ya sinia.

"Niseme nawatoa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa mdomo wangu huu?"

"Wanataka wako, si wangu."

Aliokota chuya moja, akaiweka pembeni, polepole.

"Na kaka yangu nitamwambia nini tukikutana?"

Safari hii sikukaa kutafuta jibu. Nilipiga namba ya ofisa, na simu ilipoanza kuita nikaiweka mkononi mwa shangazi.